Mtaa Kwanza, Ukoo Baadaye: Jinsi ya Kutafuta Historia ya Familia Busia na Tororo

Mwaka 2003 Moody Awori aliteuliwa kuwa Makamu wa Rais wa Kenya. Miaka miwili kabla ya hapo mdogo wake, Aggrey Awori, alikuwa ameshindana na Yoweri Museveni katika uchaguzi wa rais wa Uganda, na mwaka 2009 Museveni huyo huyo akampa uwaziri. Baba yao ni mmoja, Kanoni Jeremiah Awori wa Kanisa la Anglikana. Wasomaji wa Nairobi na Kampala huliona jambo hili kama kioja. Usamiani, kwa Wasamia wa pande zote mbili za mpaka, si habari: mpaka unafuata Mto Sio, na Mto Sio unapita katikati ya koo.

Kwa hiyo ukianza kutafuta historia ya familia yako Busia, Malaba au Tororo, jua kwamba babu yako huenda aliandikwa na serikali mbili, na kila moja ilimwandika ilivyopenda. Watu wengi huanza na jina, kisha wanakwama. Ushauri wangu ni kuanza na mtaa: babu aliishi nyumba ipi, jirani yake alikuwa nani, na nani alikuwa akimlipa mshahara. Ukishayajua hayo matatu, utajua ni ofisi gani ilikuwa na sababu ya kuandika jina lake. Ukoo utakuja wenyewe baadaye.

Sababu ya kutoliamini jina ni hii. Wafula alizaliwa wakati wa mvua, Wekesa na Nekesa wakati wa mavuno, Wanjala na Nanjala wakati wa njaa, Wabwire na Nabwire usiku. Kwa Jopadhola, Okoth ni wa mvua na Owori ni wa usiku. Baba ni Wafula, mwanawe Wabwire, mjukuu Okoth kwa sababu alipewa jina la upande wa mama, na wote watatu ni wa mlango mmoja. Kila kijiji kina Wafula wake. Juu ya hayo, karani wa kodi aliandika alivyosikia. Katika Bukedi makarani wa kwanza wengi walikuwa Waganda waliofuata nyayo za Semei Kakungulu, wakiandika majina ya Kijopadhola na Kiteso kwa masikio ya Kiganda. Upande wa Kenya, Waingereza waliwapa jamaa wa Nabongo Mumia wa Wanga mamlaka juu ya majirani zao, na huko nako jina lilipita kinywani mwa mtu wa kabila jingine kabla ya kufika kwenye karatasi. Leo utafungua jadala ukitafuta Onyango, umkute kama Wonyango, Oniango au Unyango. Soma kwa sauti. Ukisoma kwa macho tu utampita.

Majina ya makabila nayo yamebadilika. Katika nyaraka za zamani Jopadhola wanaitwa Badama. Wateso wa upande wa Kenya wanaitwa Elgumi, Wamia au Itesio. Eneo zima la magharibi mwa Kenya ni Kavirondo. Busia ya Kenya haipo kama wilaya kabla ya 1963; kabla ya hapo tafuta Elgon Nyanza, kabla yake North Nyanza, na kabla ya 1948 North Kavirondo. Upande wa Uganda, Tororo ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Bukedi, na Busia ikakatwa kutoka Tororo mwaka 1997. Mtu anayeomba jadala la "Busia, 1930" ataambiwa halipo, na karani atakuwa amesema kweli.

Chora mtaa

Nunua karatasi kubwa ya manila na kalamu nene. Keti na mzee mmoja, au afadhali wawili waliokuwa majirani, na mchore mtaa kama ulivyokuwa katika mwaka mmoja maalumu. Usiseme "zamani". Ukisema zamani, mzee atakuchanganyia miaka arobaini katika sentensi moja, na hutaweza kuitenganisha tena. Sema: "Mzee, tuchore mtaa kama ulivyokuwa Wahindi walipoondoka." Hapo anajua ni 1972, anamwona mwenye duka la kona, anakumbuka ni nani aliyepewa duka lile baada yake.

Anza na vitu visivyohama: kituo cha reli, msikiti, kanisa, mti mkubwa, kisima, soko. Kisha nyumba. Kwa kila nyumba uliza mambo haya kwa mpangilio wowote utakaojitokeza: mwenye nyumba ni nani, wapangaji walikuwa kina nani, walifanya kazi gani, walizungumza lugha gani nyumbani, walipofariki walizikwa wapi. Swali la mwisho ndilo lenye faida kuliko yote. Wasamia, Wakhayo, Wamarachi, Wateso na Jopadhola huzika nyumbani, shambani kwa baba. Mtu aliyeishi mjini Tororo maisha yake yote bado alisafirishwa akazikwe Nagongera, Butula au Funyula, na jina la kijiji alikozikwa ndilo ufunguo wa ukoo wake. Kaburi la saruji lenye tarehe lililo nyuma ya nyumba huko kijijini mara nyingi limeandikwa kwa uangalifu zaidi kuliko cheti chochote.

Usimkatishe mzee anapotoka nje ya mada. Mmoja akianza kulalamika kuhusu jirani aliyekopa jembe asirudishe, andika jina la jirani. Wasengenyaji ni mashahidi wazuri. Wanakumbuka nani alihamia lini na alikuja na nani.

Hakikisha pia unaketi na wanawake peke yao, mbali na wanaume wa nyumba. Wanaume watakupa mstari wa baba hadi babu wa tano bila kupumua, na watakuwa wamewasahau wake watatu na mabinti wote. Mama mzee aliyeuza samaki wa Port Victoria au ndizi sokoni anajua nani alizaa na nani. Mitaa ya mpakani ilijaa wanawake waliofika peke yao: wajane, walioachika, waliokimbia ndoa, wakapanga chumba, wakapika pombe, wakauza chakula kwa madereva, wakajenga. Sofia, ule mtaa wa Busia ya Uganda uliobanana na mpaka, huwezi kuuelewa bila wao. Nyaraka za serikali hazikuwaona. Watafute katika risiti za ushuru wa soko, kadi za kliniki za uzazi, madaftari ya vyama vya kuweka akiba na kumbukumbu za wapangaji wao. Na ukikuta mtoto ambaye baba yake hatajwi, acha hivyo mpaka mwenyewe aamue kusema.

Kalenda ya mpakani

Wazee wachache hukumbuka mwaka, karibu wote hukumbuka tukio. Tengeneza kalenda yako kabla ya kwenda, uibebe mfukoni. Hii yangu unaweza kuanza nayo.

Tarehe 1 Aprili 1902 mkoa wa mashariki wa Uganda ulihamishiwa himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Aliyezaliwa Mumias au Funyula kabla ya hapo alizaliwa Uganda bila kusogea hatua. Miaka ile ile ugonjwa wa malale ulikuwa ukiwafukuza watu ukingoni mwa ziwa, na familia nyingi zinazosema "sisi tulitoka ziwani" zinazungumzia kipindi hicho. Kisha Vita vya Kwanza na wapagazi wa Kariakoo, njaa ya 1918 na 1919, kipande, kile kitambulisho cha kazi, kwa wanaume wa Kenya kuanzia mwishoni mwa muongo huo, nzige wa mwanzoni mwa miaka ya 1930, Vita vya Pili. Januari 1960 zikatokea ghasia za kodi za Bukedi, watu walipowageukia machifu waliowapandishia kodi. Serikali iliunda tume na ripoti yake ilichapishwa. Uhuru wa Uganda ni 9 Oktoba 1962, wa Kenya 12 Desemba 1963, na kabla ya zote mbili, mwishoni mwa 1961, ziko mvua kubwa zilizojaza ziwa.

Halafu mfululizo unaotofautisha mji wa mpakani na mji mwingine wowote. Mwaka 1970 serikali ya Obote iliwafukuza maelfu ya wafanyakazi Wakenya kutoka Uganda. Ukikuta familia iliyohama ghafla kutoka Tororo kwenda Siaya au Busia ya Kenya mwaka huo, sababu ndiyo hiyo. Mwaka 1971 Amin alitwaa madaraka, 1972 akawafukuza Waasia. Baridi kali iliyoua mibuni ya Brazil mwaka 1975 ilipandisha bei ya kahawa duniani, na kahawa ya Uganda ikaanza kuvuka mpaka usiku. Nyumba nyingi za matofali za Busia na Malaba zilitokana na magendo hayo, ingawa hakuna atakayekuambia hivyo katika mazungumzo ya kwanza. Mwaka 1976 Amin alidai kwamba magharibi mwa Kenya ni mali ya Uganda, akirejea mipaka ya kabla ya 1902. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Machi 1979 wapiganaji wa Kiganda waliotoka uhamishoni walivamia Tororo. Mwaka 1987 Uganda ilibadilisha pesa na kukata sifuri mbili, na Desemba mwaka huo huo risasi zikalia mpakani Busia kati ya majeshi ya nchi mbili.

Swali zuri ni: "Mama, pesa zilipobadilishwa, huyu kitinda mimba alikuwa amezaliwa?" Litakupa mwaka kwa uhakika zaidi kuliko kuuliza umri.

Nani aliyelipa mshahara

Tororo ni mji wa reli. Njia kutoka Nakuru kupitia Eldoret ilivuka Malaba katika miaka ya 1920, ikagawanyika Tororo: moja ikaenda Jinja na kufika Kampala mwaka 1931, nyingine ikapanda Mbale na Soroti. Mji wenye njia panda ya reli hukusanya watu: madereva, mafundi, makarani, wapiga bendera, wabeba mizigo, wapishi. Wengi walikuwa Wajaluo na Waluhya kutoka Kenya, na waliishi katika landhi za reli, zile nyumba za mstari ambazo kila chumba kilikuwa na namba. Ikiwa familia yako inasema "tulikaa landhi", uliza namba ya chumba na kazi ya baba. Mfanyakazi wa reli alikuwa na namba ya utumishi, na namba hiyo iko kwenye pasi ya kusafiria, barua ya kuhamishwa, au karatasi za pensheni. Kumbuka kwamba mwajiri alibadilika jina: Reli ya Kenya na Uganda, baadaye Reli na Bandari za Afrika Mashariki kuanzia 1948, kisha kila nchi ikachukua njia yake baada ya 1977. Mtu aliyeajiriwa Tororo na kustaafu Nairobi aliacha karatasi pande zote mbili, na mgogoro mrefu wa mafao ya wafanyakazi wa Jumuiya ulizifanya familia nyingi kutunza barua ambazo vinginevyo zingewashia moto.

Baada ya reli ikaja saruji. Kiwanda cha Tororo kilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, karibu na vilima vya Sukulu, wakati Shirika la Maendeleo la Uganda lilipokuwa linaanzishwa. Miaka hiyo pia Tororo ilipata kituo cha utafiti wa malale cha Afrika Mashariki, na ng'ambo ya mpaka, Alupe, kilometa chache kutoka Busia, kukawa na hospitali na kituo cha utafiti wa ukoma cha Afrika Mashariki. Watafiti wa familia huzisahau taasisi hizi mbili, na ni kosa. Zilileta wahudumu, madereva, wapishi na wagonjwa kutoka nchi tatu. Katika mitaa ya karibu utakuta familia zenye asili ya Tanganyika au Ukambani ambazo hakuna anayejua zilifikaje. Mara nyingi zilifika na kazi ya maabara, au na mgonjwa aliyepona akaoa pale pale.

Maduka ya kati ya Tororo ni sura nyingine. Inua macho juu ya vibao vya simu na dawa, utazame ukuta wa juu wa jengo. Majengo ya Wahindi mara nyingi yana mwaka, na pengine jina la mwenyewe, vimefinyangwa kwenye lipu. Piga picha. Baada ya 1972 maduka hayo yaligawiwa wale walioitwa mafuta mingi, na serikali ikaunda bodi ya kutunza mali za Waasia walioondoka. Majadala ya bodi hiyo yako Kampala, na yamepangwa kwa namba ya kiwanja. Kwa hiyo kabla ya kwenda, pata namba ya kiwanja. Jadala moja linaweza kukuonyesha mwenye jengo wa mwaka 1950, aliyekabidhiwa mwaka 1973, na aliyerudishiwa miaka ya tisini. Familia za Kigujarati zilizoko Leicester au London huhifadhi upande wao wa hadithi, na wengi hufurahi kuandikiwa.

Busia yenyewe ni tofauti. Haikuwa na kiwanda wala karakana ya reli. Ilikuwa na mpaka. Mwajiri mkubwa alikuwa kila mtu mwenye cha kuvusha. Wale vijana wa baiskeli wa Busia na Malaba waliovusha watu na mizigo kati ya vituo viwili vya forodha tangu miaka ya 1960 ndio mababu wa bodaboda zote unazopanda leo, na hakuna ofisi iliyowaandika. Hapa tegemea zaidi watu kuliko karatasi. Tafuta mawakala wa forodha wazee, wabadilisha pesa, wenye mikahawa. Na ujue kwamba kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa Februari 2018 kilibadilisha njia za watu. Mzee akikuelekeza "pale geti la zamani", nenda naye kwa miguu akuonyeshe.

Sanduku la bati

Kabla ya kupanda basi kwenda hifadhi yoyote, omba kuonyeshwa sanduku. Kila nyumba ina moja, chini ya kitanda cha bibi, limejaa harufu ya nondo na karatasi zilizokunjwa mara nne. Usiombe vyeti. Ukisema vyeti, watakuambia havipo. Sema: "Naomba kuona karatasi zozote za mzee."

Kwa Uganda, kitu cha thamani ni tikiti za kodi ya kichwa, ile iliyositishwa mwaka 2005. Mwanaume aliyekamatwa njiani bila tikiti alilala ndani, kwa hiyo walizitunza kama roho. Tikiti inaonyesha jina, mwaka, kiasi, na mahali mlipaji alipoandikishwa. Zipange kwa mwaka juu ya meza, utaona familia ikihama: miaka kadhaa kijijini, kisha mjini Tororo, kisha pengo. Pengo nalo ni habari. Aliyekosa tikiti miaka mitatu ama alikuwa jela, ama alikuwa Kenya, ama alikuwa akitembea njia za panya. Kwa Kenya, kipande kilibebwa shingoni katika kibati, na ndani yake mwajiri alitia sahihi tarehe ya kuanza na kuacha kazi. Kikiwepo, kina wasifu wa ajira wa mtu mzima. Vilivyosalia ni vichache.

Geuza picha. Nyuma ya picha nyingi kuna muhuri wa studio wenye jina la mji, hata kama mbele hakuna maelezo. Soma daftari la michango ya mazishi. Kila msiba mkubwa una daftari lenye majina ya waliotoa, kiasi, na mara nyingi wametajwa kwa uhusiano au mahali: wakwe wa Nambale, vijana wa Sofia, kanisa fulani. Daftari la msiba wa 1985 ni orodha ya ukoo mzima na wakwe zao walivyokuwa siku hiyo, iliyoandikwa na mtu asiyejua kwamba anakufanyia kazi. Programu za mazishi za siku hizi zina wasifu wa marehemu na majina ya watoto wote. Kusanya za ndugu, na za majirani pia.

Vitabu vya parokia

Kenya haikulazimisha kusajili vizazi nchi nzima mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa hiyo kwa waliozaliwa kabla, kanisa ndilo msajili. Kwa Wakatoliki wa pande zote mbili, wamisionari wa Mill Hill ndio walioanzisha. Walipewa Nile ya Juu mwaka 1894, wakafungua Kisumu na Mumias mwanzoni mwa karne, na jimbo lao likaja kuwa la Tororo mwaka 1953, jimbo kuu mwaka 1999. Upande wa Kenya, Busia sasa iko chini ya jimbo la Bungoma, lililoanza 1987. Kwa Waanglikana kuna dayosisi ya Bukedi yenye makao Tororo, na Kenya kuna Nambale na Katakwa.

Kitabu cha ubatizo cha Kikatoliki kina namba, tarehe ya ubatizo, jina, tarehe ya kuzaliwa (ambayo mara nyingi ilikisiwa), wazazi, msimamizi na padri. Vya zamani viko kwa Kilatini, lakini ni maneno machache yanayojirudia. Baada ya ukurasa mmoja utakuwa umezoea. Usiishie kwenye safu ya jina. Pembeni, kwa mwandiko mwingine na wino mwingine, kuna maandishi yaliyoongezwa miaka ishirini baadaye: kipaimara na ndoa, pamoja na parokia ilikofungwa. Pale ndipo unapomkuta shangazi aliyebatizwa Nangina, Usamiani ya Kenya, akaolewa parokia ya Uganda, na ambaye nyumbani walikuwa wakisema tu "alipotea ng'ambo". Msimamizi wa ubatizo pia mwandike. Mjini, mbali na ndugu, msimamizi alikuwa jirani wa chumba cha pili au mfanyakazi mwenza, kwa hiyo jina lake hukurudisha kwenye ule mchoro wa mtaa.

Andika barua kwa paroko kabla ya kwenda, taja miaka unayotafuta, usifike Jumapili, na toa sadaka ya parokia bila kuulizwa. Usiombe kupiga picha kurasa nzima, maana zina majina ya watu walio hai. Omba kunakili mistari yako. Kwa Waislamu, anza na imamu wa msikiti wa mtaa na daftari za ndoa za kadhi. Familia nyingi za Kiislamu za hapa zina kamba inayorudi Mumias, kituo cha zamani cha misafara.

Ofisi

Ardhi upande wa Kenya ndiyo rahisi zaidi kuifuata. Ardhi imegawanywa katika sehemu zenye majina kama South Teso/Angoromo au Bukhayo/Mundika na namba mbele yake. Ukiwa na jina la sehemu na namba, omba kuona ile kadi ya kijani katika ofisi ya ardhi Busia: inaonyesha mwenye kuandikishwa wa kwanza, mwaka, na kila aliyeuziwa au kurithi baada yake. Urithi ndio utamu wenyewe, kwa sababu unarejelea kesi ya mirathi mahakamani, na jadala la mirathi lina barua ya chifu inayotaja wake na watoto wote wa marehemu. Matangazo ya mirathi hutoka pia katika Gazeti Rasmi la Kenya, ambalo matoleo mengi yanasomeka bure mtandaoni. Upande wa Uganda ardhi ya vijijini ni ya kimila na haina kadi, lakini viwanja vya mjini vina hati za kukodisha.

Hifadhi ya Nyaraka za Taifa ya Kenya iko Moi Avenue, Nairobi, na ina tawi Kakamega. Ripoti za mwaka za wakuu wa wilaya na ripoti za kukabidhiana ofisi ndizo za kuanzia. Kwa Uganda, hifadhi ya taifa ilihama kutoka Entebbe ikaenda Wandegeya, Kampala. Jinja, iliyokuwa makao makuu ya Mkoa wa Mashariki, ina nyaraka zake za wilaya, na zinafaa sana kwa Bukedi. Ikiwa ukoo wako ni wa Kenya lakini unatafuta habari za kabla ya 1902, kumbuka kwenda Kampala. Walio Uingereza watumie hifadhi ya Kew, mfululizo CO 533 kwa Kenya na CO 536 kwa Uganda. Walio Marekani waulize filamu za nyaraka za Kenya zilizoko Chuo Kikuu cha Syracuse. Sensa usihangaike nazo kutafuta mtu: utapata jumla za makabila kwa wilaya, majina hayatolewi.

Vitabu vichache vitakuokoa miezi. Gideon Were aliandika historia ya Abaluyia mwaka 1967, na mwaka huo huo Bethwell Ogot alitoa historia ya Waluo wa Kusini yenye sura nzito juu ya Padhola. Ivan Karp aliwaandika Wateso wa Kenya mwaka 1978. Kwa Jopadhola, taasisi yao ya kitamaduni, Tieng Adhola, ina viongozi wa koo wanaojua milango yao. Ukikwama kwenye ukoo, acha kuuliza "nyinyi ni ukoo gani" uulize "hamuoani na nani". Watu husahau babu wa sita, lakini mwiko wa kuoana hawausahau, na mwiko huo hauna pasipoti.

Adabu ya swali

Mgeni mwenye daftari anayeuliza nani aliishi wapi mwaka gani huonekana kama mtu wa ardhi. Tororo ina mvutano wa miaka mingi kati ya Jopadhola na Wateso kuhusu mji ni wa nani wilaya ikigawanywa, na Busia ya Kenya ina wake kati ya Wateso na Waluhya. Nenda kwanza kwa mwenyekiti wa LC1 upande wa Uganda, au mzee wa mtaa na chifu mdogo upande wa Kenya, ueleze unatafuta nini. Fika na mtu anayejulikana pale. Usiulize ukubwa wa shamba siku ya kwanza, na ukionyeshwa hati usiipige picha.

Jambo la pili ni vitambulisho. Familia nyingi zina vya pande zote mbili, na si vyote vilipatikana kwa njia iliyonyooka. Sheria imelegea: Uganda iliruhusu uraia pacha mwaka 2009 na Kenya kwa katiba ya 2010, na katiba ya Uganda inawatambua Wasamia, Wagwe, Wateso na Jopadhola miongoni mwa jamii zilizokuwa ndani ya mipaka tarehe 1 Februari 1926. Bado, usiandike popote kwamba fulani aliye hai ana kadi mbili au alisoma kwa karo ya nchi nyingine. Habari za walio hai zibaki kwenye daftari lako, nje ya makundi ya WhatsApp ya ukoo.

Kila ukurasa wa maelezo uandike juu yake jina la aliyesema, mahali, tarehe, na lugha aliyotumia. Mzee aliyesimulia kwa Kisamia, ukatafsiriwa na mjukuu, amesimulia mara mbili, na unahitaji kujua hivyo baadaye. Wakitofautiana, andika yote mawili bila kuamua. Mwishowe toa nakala za mchoro na majina, moja ibaki Uganda na moja Kenya, uzipeleke kabla ya Krismasi, wakati watu wa mjini wanaporudi nyumbani. Watakaa juu yake na soda mkononi, wakibishana, na kufikia jioni utakuwa na marekebisho mengi kuliko uliyoweza kuyapata kwa mwaka mzima. Beba kalamu ya rangi nyingine.